Mdogo Aanze

Msemaji wa familia alisimama kando ya jeneza, akasafisha koo, akasoma kwamba marehemu Kapteni Gaudensi Sikazwe aliitumikia kazi ya urubani kwa uaminifu hadi alipostaafu kwa hiari yake akiwa na miaka hamsini na mitano, akarudi nyumbani kulima. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilikuwa mstari wa pili, kwenye viti vya plastiki walikokalishwa "wageni kutoka kazini", nimejifunga khanga juu ya koti kwa sababu upepo wa Ufipa mwezi wa saba haumheshimu mtu mzima. Kwa hiari yake. Nikamtazama Fidelis, rubani mwenzangu wa zamani, ambaye enzi zile alikuwa kijana mwembamba wa maneno mengi na siku hizi ana kitambi na miwani mizito, nikaona naye kainamisha macho. Msemaji akauliza kama kuna mtu wa kazini mwenye neno. Fidelis akanigusa kwa kiwiko. Nikasimama, nikasema Kapteni alikuwa mpole, alikuwa mwalimu wetu, hakuwahi kumfokea mtu angani wala ardhini. Yote kweli. Nikakaa. Sikusema kwamba yule mzee hakustaafu kwa hiari, na kwamba kama kulikuwa na hiari ya mtu katika jambo lile, basi ilikuwa yangu.

Baada ya kuzika, Mama Oswaldi, mjane wake, aliniita chumba cha ndani, mbali na kelele za masufuria. Vitanda vilikuwa vimesukumwa ukutani, magunia ya mahindi yamepangwa hadi dirishani, na wanawake wa jumuiya walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanamenya viazi na kumsengenya mpishi wa wali. Mama Oswaldi aliniwekea ugali wa ulezi na mgebuka wa kukaanga, akasema samaki huyo katoka kwetu Kipili, kwa hiyo nisijifanye mgeni. "Kula, Rehema. Baba yako alikuwa anakutaja sana." Nikamuuliza, "Ananitaja vipi, mama?" Akafikiri kidogo. "Anakutaja tu," akasema, kisha akageuka kumwelekeza mtu mahali chumvi ilipowekwa. Nikaendelea kumchambua mgebuka mifupa. Mimi mwenyewe nimestaafu mwaka huu, nikiwa na sitini kamili, kwa keki na picha na hotuba, maana kile kipengele cha mkataba kilichowataka marubani wastaafu wakiwa na hamsini na mitano kilikuja kufutwa miaka michache baada ya kumtoa yeye. Kwa hiyo nimefaidi mara mbili. Kilipokuwepo kilinipa kiti chake, na kilipoondoka kiliniacha nikikalie hadi nichoke mwenyewe.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na sita, rubani msaidizi, na kampuni yetu ilikuwa imeamua kuweka kituo Sumbawanga. Ndege zetu zilikuwa ndogo, za abiria wachache na vifurushi vingi, zikizunguka Mpanda, Mbeya, Kipili na kurudi. Wenzetu wa Dar es Salaam walitutania bila kuchoka. Walituuliza tunabeba mafuta ya ndege ya nini wakati huko watu wanaruka kwa ungo. Kapteni Gaudensi, Mfipa wa damu, aliwajibu kwamba ungo hauna kiti cha msaidizi, na kampuni isingekubali kumlipa mtu wa kusimama. Tuliishi Majengo, nyuma ya maduka, kwenye nyumba iliyokuwa ghala la mfanyabiashara kabla ya kupakwa rangi. Chumba changu kilinukia pumba za mahindi mwaka mzima. Asubuhi tuligombania jiko la mkaa, kuchemsha maji ya kuoga na kupasha vidole. Sebule ilikuwa na meza moja ndefu yenye kitambaa cha plastiki kilichochorwa mananasi, na juu ya meza hiyo tulikula, tulipanga safari, tulicheza karata, na hatimaye tulimtoa mtu kazini.

Kapteni hakulala pale. Alikuwa na nyumba yake upande wa pili wa mji, na kila alfajiri alikuja kwa miguu, amevaa koti zito la kahawia, mara nyingine na bakuli la kande alilotumwa na mkewe. Tulimpa shikamoo kwa zamu, akaitikia marahaba moja ya wote, akaenda barazani kuutazama mlima Mbizi. Wingu likikaa juu ya Mbizi, mtu wa Sumbawanga anavaa sweta, lakini rubani anaacha kunywa chai kwanza. Kisha alirudi mezani, akakaa, akasema, "Mdogo aanze." Huo ndio ulikuwa utaratibu wake, na kwa kuwa yeye ndiye aliyetufundisha kazi, ukawa wa kwetu sote. Mdogo kuliko wote kwenye zamu ndiye aliyesema wa kwanza kama tunaruka au haturuki, ili asije akajificha nyuma ya kauli ya mkubwa. Wakubwa walifuata, na Kapteni alimaliza. Hapana moja, ya mtu yeyote, ilitosha. Hakuna aliyeulizwa sababu mpaka jambo limekwisha na chai imemiminwa. Angani ilikuwa vilevile. Aliita jina langu kabla ya kusema anachofikiri, na nikisema turudi, ndege ilikuwa imeshageuka kabla sijaanza kujieleza.

Mdogo nilikuwa mimi. Mwezi wangu wa kwanza nilisema haturuki asubuhi ambayo wingu lilikuwa dogo tu, na uwanjani alikuwapo mkubwa mmoja wa serikali anayewahi kikao Mbeya. Nilisema kwa woga, na kabla chai haijapoa mbingu ikawa nyeupe pee, hata kuku wakatoka kuota jua. Fidelis akaangua kicheko. Kapteni akamwacha acheke, akavaa koti, akaenda uwanjani kumkabili yule mkubwa aliyekuwa anafoka hadi mishipa ya shingo imesimama. Nilimfuata nyuma. Nilidhani ataniita mbele nijieleze. "Marubani tumesema hapana, mzee," akamwambia. "Tutaangalia tena baada ya saa moja." Tumesema. Njiani kurudi nilimwomba radhi, nikamwambia nilikuwa mjinga. "Hapana haihitaji kuwa na akili, mwanangu," akasema. "Inahitaji kusikika. Akili tutaitafuta tukiwa chini." Nadhani siku ile ndiyo niliyoanza kumpenda kama mzazi, na ninalisema hili sasa ili ieleweke nilikuwa namfanyia nani.

Katikati ya mwaka mkataba wetu wa hali bora ulifika mwisho, na Meneja akaja kutoka Dar es Salaam kujadiliana na tawi letu la chama cha wafanyakazi. Tulikuwa marubani tisa, Kapteni mwenyekiti, mimi katibu kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Meneja alishuka kwenye ndege na shati la mikono mifupi. Usiku wa kwanza alikohoa mpaka tukamhurumia, na asubuhi Kapteni akavua lile koti la kahawia, akamvika. Ninaapa sitanii. Siku zote za majadiliano yule bwana alikaa kichwani mwa meza ya mananasi amevaa koti la mtu ambaye alikuja kumwondoa, amelifunga vifungo mpaka kidevuni, na Kapteni akakaa mkabala naye na sweta iliyotoboka kiwiko.

Hoja zilikuwa mbili. Ya kwanza ilihusu idadi ya marubani. Kampuni ilitaka ndege zake za safari fupi ziendeshwe na rubani mmoja, na sisi wasaidizi wanne tupunguzwe kazi. Ya pili ilihusu kustaafu. Kampuni ilitaka marubani waondoke wakiwa na hamsini na mitano badala ya sitini, maana wakubwa walilipwa zaidi. Chama kilikataa yote mawili. Kapteni alieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto kusoma saa, kwamba uwanda huu una upepo unaobadilika bila hodi, kwamba bonde la Rukwa linaanguka ghafla upande mmoja na ziwa upande mwingine, na rubani akiumwa tumbo juu ya Mbizi hakuna pa kuegesha. Meneja alisikiliza, akaandika, akaomba chai nyingine. Siku ya tatu au ya nne akatoa neno lake la mwisho. Kampuni ingekubali marubani wawili kila ndege, wasaidizi wote wabaki, mradi chama kikubali hamsini na mitano. La sivyo, sitini ibaki na wasaidizi waondoke. Hakuna aliyehitaji kupiga hesabu. Kapteni alikuwa na hamsini na minne, na siku yake ya kuzaliwa ilikuwa mwezi wa kumi na mbili.

Jioni ile nilikuwa napita ukumbini na ndoo ya maji ya moto, mlango wa chumba cha Meneja haukufungwa vizuri, nikamsikia akimwambia ofisa aliyefuatana naye, "Wale watoto watakubali. Mzee atabaki peke yake, na peke yake hagomi." Nilikwenda moja kwa moja kwa Kapteni barazani, nikamwambia nilivyosikia neno kwa neno. Niliona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyesema. "Najua," akasema. "Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo." Yeye aliamini kuna njia ya tatu, na alitueleza wote usiku huo tukila maharage. Tukisema hapana, wote, na tusiruke, kampuni isingestahimili. Mizigo ingeoza Mpanda, abiria wangepiga kelele, na mwisho tungepewa yote mawili. "Lakini si lazima," akaongeza. "Wanaweza kutufukuza sote. Sitawadanganya." Hakusema zaidi. Hakutuomba. Mara nyingi nimetamani angetuomba, ningeona haya kumkatalia.

Jikoni, wakati wa kuosha vyombo, Fidelis alisema kilichokuwa kwenye kichwa changu. "Mzee namheshimu, wewe unajua," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini yeye kesharuka, mshikaji. Kala, kasaza. Sisi ndo kwanza tunaanza. Akikaa miaka mitano mingine, kiti cha kushoto utakiona lini?" Kiti cha kushoto ni cha kapteni. Nilisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Ningeweza kumkemea, maana nilikuwa na ulimi kuliko yeye, lakini nilifurahi kwamba ametamka yeye na si mimi, na furaha ile naikumbuka vizuri kuliko maneno yenyewe. Watu husema ujana hauna simile. Wangu ulikuwa na simile nyingi sana. Ulijua kabisa unachokitaka, ukamwachia mwingine akiseme.

Jumapili kabla ya kura nilikula nyumbani kwa Kapteni, kama nilivyozoea. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, na sebuleni palikuwa na redio iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, picha ya Bikira Maria, na kiti kimoja ambacho kila mtu alijua ni cha nani. Mama Oswaldi alimtania mumewe kwamba mahindi aliyopanda nyuma ya nyumba yamenyooka kama njia ya kurukia ndege, lakini hayazai. "Mistari yake mizuri, mwanangu, tatizo ni mahindi," akaniambia, tukacheka. Kapteni naye alicheka. Halafu, akiwa bado anachambua mifupa ya samaki, akasema bila kumtazama mtu, "Nikishuka kwenye ndege sijui nitakuwa naamka alfajiri kwenda wapi." Mama Oswaldi akaacha kucheka, akamwambia kitu kwa Kifipa. Mimi mtu wa ziwani nilishika neno moja tu, lile la mtoto. Wote wawili wakanitazama kwa upendo ambao hadi leo ukinijia nikiwa naendesha gari inabidi nipunguze mwendo. Waliona mtoto wao. Hawakuona mtu ambaye tayari alikuwa ameamua.

Asubuhi ya kura Meneja alisubiri barazani ndani ya lile koti, na sisi tisa tukafunga mlango. Chai haikumiminwa. Kapteni alieleza tena pande zote, ya kwake na ya kampuni, kwa haki hivi kwamba mpita njia asingejua yeye yuko upande gani. Kisha akasema, "Tufanye kama siku zote. Hapana moja inatosha. Mdogo aanze." Mmoja wa makapteni wengine alijaribu kumzuia. "Mzee, hili si suala la hali ya hewa. Anza wewe, sisi tutafuata." Kapteni akatikisa kichwa. "Ndiyo maana sianzi. Mtanifuata." Akanigeukia. Nilitoa hotuba. Nilizungumzia usalama, upepo wa uwandani, bonde, rubani kuumwa akiwa peke yake na abiria nyuma. Nilitumia hoja zake mwenyewe, alizomwambia Meneja, nikazipanga vizuri kuliko yeye. Hakuna neno hata moja lililokuwa uongo. Mwisho, juu ya masharti ya kampuni, nikasema, "Sina pingamizi," na mwenzangu wa kulia akasema hivyo, na Fidelis, na wengine, mmoja baada ya mwingine, bila hotuba, wakitazama mananasi ya plastiki. Ikabaki zamu ya Kapteni. Hapana yake ingetosha, kama ya mtu mwingine yeyote. Alilainisha kitambaa cha meza kwa kiganja. "Sina pingamizi," akasema. Kisha akaenda kufungua mlango, akamwambia Meneja, "Marubani tumekubali."

Nimepata miaka mingi ya kulifikiria kosa la asubuhi ile, na siku hizi naona lilikuwa kosa ambalo wangelifanya marubani tu. Utaratibu wa mdogo kuanza ulikuwa mzuri angani kwa sababu angani wote mko ndani ya chombo kimoja. Nikisema ndiyo kwa ujinga, naanguka pamoja na aliyeniuliza. Mezani haikuwa hivyo. Ndiyo yangu ilinibakiza juu na kumshusha yeye, na yeye, kwa jinsi alivyouamini utaratibu wake, aliniachia usukani kama kawaida. Simsingizii. Huenda aliiona tofauti hiyo kabla yangu, akaona haya kuvunja kanuni siku ambayo kuivunja kungemfaa yeye. Meneja, nilipokutana naye baadaye sana Dar es Salaam akiwa mstaafu na fimbo, aliniambia huku akicheka kwamba siku zile alikuwa ameshapewa ruhusa ya kutukubalia yote mawili endapo tungeshikilia. Sijui kama alisema kweli. Watu wa ofisini wakizeeka hupenda kuonekana kwamba walikuwa na huruma. Ninachojua ni kwamba aliondoka Sumbawanga na lile koti, hakuna aliyemkumbusha, na Kapteni alimaliza majira ya baridi na sweta yake iliyotoboka.

Miezi iliyofuata alinifundisha kuliko kabla. Alijua kiti chake kingekuwa changu, kampuni ilikuwa imeshatangaza, na alinifundisha kama mtu anayemwonyesha mpangaji mpya wapi bomba linavuja. Hakunikunjia uso hata mara moja. Laiti angenikunjia. Nilianza kuchelewa kuamka ili nisimkute barazani, nikaacha kwenda kwake Jumapili kwa visingizio vya kufua nguo na kuumwa kichwa, na Mama Oswaldi akawa anatuma bakuli langu peke yangu, limefunikwa kitambaa, na salamu kwamba nisijiue kwa kazi. Nililirudisha bakuli limeoshwa bila salamu.

Safari yake ya mwisho ilikuwa siku moja kabla ya kutimiza hamsini na mitano. Mkataba ulisema kuanzia kesho yake asikae tena mbele. Tulikuwa wawili tu, tumeshusha abiria wetu wa mwisho Mpanda, tunarudi Sumbawanga jioni na vifurushi. Uwanjani Sumbawanga familia yake ilikuwa inasubiri, na majirani, na kwaya ya kigango. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa na pombe ya ulezi imeiva. Nilijua, kwa sababu Mama Oswaldi alikuwa amenidokeza na kunionya nisimwambie. Tulipokaribia, wingu la mvua lilikuwa limeshuka kutoka Mbizi, limekaa juu ya mji. Katikati yake kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu niliona mabati ya Majengo yanang'aa. Ukilitazama vizuri, lilitosha ndege. Ukilitazama tena, lilikuwa linafumba. Kapteni alilitazama pamoja na mimi. Mikono yake ilikuwa imetulia. "Rehema?" akasema.

Nilijua nani yuko chini ya wingu lile. Nilijua hatakuwa na safari nyingine. Na nilijua kwamba kama ningekuwa na mtu mwingine yeyote pembeni yangu, siku nyingine yoyote, nisingesita hata kidogo. "Hapana," nikasema. Ndege ikageuka kabla sijafunga mdomo. Hakuvuta pumzi, hakulitazama lile tundu mara ya pili. Tulirudi Mpanda, yeye akishika ndege mpaka magurudumu yakagusa, na aliigusisha chini taratibu kiasi kwamba sikujua tumetua mpaka niliposikia kokoto. Mhudumu wa uwanja alitoka mbio kutuambia Sumbawanga wamepiga simu. Wingu limeondoka lote, watu bado wanasubiri, wanauliza tuko wapi. Kapteni akalitazama jua. Lilikuwa limeshagusa miti, na viwanja vyote viwili havikuwa na taa. "Waambie wale," akasema. "Nyama ikipoa inaganda mafuta."

Asubuhi nilimkuta kwenye hoteli ndogo karibu na stendi, anakunywa chai ya maziwa na chapati. Alikuwa ameshaamka kitambo, amenyoa ndevu, na amevaa shati la nyumbani. Sikuwahi kumwona asubuhi bila sare. Kapteni mwingine angeletwa kuichukua ndege pamoja nami, na nilikuwa nimemwambia anaweza kukaa nyuma kama abiria, mkataba haukukataza. Alisema angepanda basi. Nilikaa mkabala naye. Nilikuwa nimelia usiku na uso wangu ulionyesha, na yeye, kama kawaida yake, alingoja chai yangu imiminwe kwanza. "Nisamehe, Kapteni," nikasema.

Akaweka kikombe chini. "Nikusamehe lipi, mwanangu?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama alivyoniuliza kila asubuhi, macho yake usoni kwangu, bila kunisaidia, akinipa nafasi ya kusema wa kwanza. Nilijua anasubiri niitaje ile meza ya mananasi. Maneno yalikuwepo, yote, yamefika kwenye meno. Mhudumu akaleta sukari, akaondoka, na Kapteni bado alikuwa anasubiri.

"La jana," nikasema. "Tulivyorudi."

Alinitazama kidogo zaidi, kisha akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyesikia taarifa ya hali ya hewa.

"Jana hukukosea," akasema, akamalizia chai yake.